Rumonge: Mbalamwezi inapozima taa, ndoano hubaki na kazi

Mwezi unapokaribia kuwa mpevu, soko la samaki la Rumonge hubadilika sura. Taa zinazowavuta ndagala usiku hazina nguvu mbele ya mbalamwezi. Samaki hutawanyika, na boti za Apollo pamoja na mitumbwi pacha ya wavu wa kunyanyua hupumzishwa ufukweni. Wavuvi hushona nyavu, hulala, hulipa madeni ya mafuta au hukopa mengine. Mfanyabiashara aliyevuka kutoka Tanzania au Kongo bila kutazama kalenda ya mwezi hukuta mabeseni yana samaki wachache, na ndagala wakavu waliobaki wameshapanda bei.

Siku hizo mtu wa ndoano huonekana. Hawezi kuziba pengo la boti zote zilizolala, na hakuna anayemtegemea hivyo. Lakini anacholeta ni samaki mzima, mkubwa, ambaye hajapondwa na wavu. Ni mukeke, kuhe, au siku ya bahati sangala anayebebwa begani. Wenye hoteli na wenye migahawa ya barabara ya kwenda Bujumbura hawamwachi apite.

Rumonge iko kilomita zipatazo 75 kusini mwa Bujumbura. Mji unajulikana kwa mawese kuliko kwa samaki, na Kiswahili ni lugha ya soko lake tangu zamani. Hapo ndipo mito ya Dama na Murembwe inapoingia ziwani ikitokea milimani. Maji ya kahawia hukutana na maji ya samawati, matete husimama pande zote mbili, na ardhi hugeuka matope laini yenye chakula cha kila aina ya mdudu. Mtu aliyekulia Mombasa au Tanga angepaita mlango wa mto na angejua la kufanya: kutafuta chambo, kufunga timazi na kukaa kimya.

Tofauti ni kwamba hapa hakuna kupwa wala kujaa. Mvuvi wa Pwani hufuata bamvua na maji mafu. Mvuvi wa Tanganyika hufuata upepo na mvua. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusi husukuma maji ya juu yenye joto kuelekea kaskazini, upande wa Burundi, na huko kusini, Zambia, maji baridi ya chini hupanda. Upepo ukitulia, ziwa huyumba taratibu kama maji ndani ya beseni lililotikiswa, na samaki huhama kwa kadiri hiyo. Mvua zinapoanza kunyesha milimani, mto huvimba na kumwaga tope lake ziwani. Samaki wakubwa husogea hadi mpakani pa maji machafu na maji safi, wakiwavizia wadogo wanaotoka matetetini. Hapo ndipo ndoano huwekwa.

Wanaokaa mlangoni jioni si wavuvi wa leseni peke yao. Kuna anayekaa ili apate kitoweo, na kuna anayekaa kwa sababu hana mahali pengine pa kupumzisha kichwa baada ya kazi. Kwa Rumonge mipaka kati ya starehe na chakula cha usiku haijachorwa. Mtu akipata kuhe mmoja anakula, akipata watatu anauza wawili. Kuita jambo hilo mchezo ni kulipunguzia heshima. Kuliita biashara nako ni kulikuza mno.

Samaki wanaokuja kwenye ndoano

Ziwa Tanganyika si bahari, ingawa limewahi kuwachanganya wataalamu. Mwishoni mwa karne ya 19 Mwingereza J. E. S. Moore alifunga safari mbili kuja kulichunguza, kwa sababu konokono wake walifanana na wa baharini na ndani yake mliishi yavuyavu, yule kiumbe laini kama jeli ambaye watu wa Pwani humjua vizuri. Alidhani ziwa lilikuwa kipande cha bahari iliyonaswa barani. Alikosea, kwani ziwa lilizaliwa na bonde la ufa, na yavuyavu wadogo bado wamo. Hata hivyo, ndagala wenyewe ni jamaa moja na dagaa-papa wa baharini. Wahenga wao walitoka maji ya chumvi mamilioni ya miaka iliyopita, wakapanda mito na kuzoea maji matamu. Anayeuza dagaa wa Kigoma na dagaa wa Bagamoyo kwenye meza moja anauza binamu wawili.

Mukeke, anayeitwa mgebuka upande wa Kigoma, ni mwindaji wa ndagala. Huwafuata hadi chini ya taa, ndiyo maana hunaswa pia na nyavu za usiku. Sangala ni jamaa yake mkubwa. Wapo wa aina tatu katika ziwa hili, na mmoja wao anaweza kufikia mita 2 na kilo 100, ingawa kwa sasa anayempata wa robo ya uzito huo husimuliwa wiki nzima. Kuhe, ambaye Zambia humwita nkupi, ni mkubwa kuliko samaki wote wa jamaa ya sato barani Afrika. Huvamia chambo kwa hasira na huvuta mshipi hadi ukate vidole.

Kuhe anastahili kuelezwa zaidi, kwa sababu tabia yake ndiyo inayoamua kama ndoano ni uvuvi wa kudumu au la. Dume na jike hutaga karibu na ufuko, kwenye mchanga au mawe, kisha hukaa pamoja kulinda mayai na baadaye vifaranga kwa wiki kadhaa. Maelfu ya vifaranga huogelea chini ya wazazi wawili tu. Wakati huo wazazi hupatikana kwa urahisi, maana hushambulia chochote kinachokaribia, ndoano ikiwa mojawapo. Mvuvi akimtoa mzazi mmoja, amepata kilo chache. Ndani ya muda mfupi samaki wengine wanakuwa wamewamaliza vifaranga wote. Mtu wa ndoano mwenye akili, akiona wingu la vifaranga chini ya mtumbwi wake, huhama. Wasio na akili hiyo wapo pia, na si kweli kwamba ndoano haina madhara kwa sababu tu ni ndogo.

Sangala naye ana siri yake. Wazazi wanakaa mbali kwenye kina, lakini wadogo wao huanza maisha kwenye majani ya maji karibu na nchi kavu. Humo hukua miezi mingi kabla ya kuthubutu kwenda nje. Mlango wa mto wenye matete ni kitalu. Ukikivuruga hutaona hasara leo, kwa sababu soko bado linapokea waliokulia humo miaka iliyopita.

Kokoro hufagia kitalu

Hapo ndipo tatizo la ufuko wa Burundi lilipo. Juya la kokoro huzungushwa kutoka ufukweni na kukokotwa na watu wa pande mbili hadi nchi kavu. Likipita, hukwangua chini na kubeba kila kitu: majani, mayai, viota vya mchanga, sangala wa urefu wa kidole, mukeke wachanga, ndagala ambao hawajafika umri wa kuzaa. Wengine hushonea vyandarua vya mbu. Sheria za nchi zote za ziwa zinayapiga vita majuya haya, na askari wa majini huyakamata na kuyachoma. Lakini yanarudi, kwa sababu kuna mnunuzi.

Samaki wadogo wa kokoro huuzwa wakiwa wamechanganywa na ndagala, kisha huanikwa. Kwenye fungu kavu macho ya haraka hayatambui tofauti. Macho yaliyozoea yanatambua: ndagala ana mwili mwembamba wa fedha na magamba mepesi, wakati kifaranga cha sangala au mukeke kina kichwa kikubwa, mdomo mpana na miiba mgongoni. Kuhe mchanga ana madoa meusi ubavuni. Mfanyabiashara anayenunua fungu lililochanganywa hupata uzito kwa bei nafuu, na wakati huohuo anakuwa amenunua sangala ambao angewauza baada ya miaka michache wakiwa na kilo kadhaa kila mmoja. Hesabu hii haihitaji mtaalamu wa uvuvi.

Ndagala huweza kusamehe. Hukomaa ndani ya mwaka mmoja, huzaa kwa wingi, na mwaka mbaya hufuatwa na mzuri. Sangala hasamehi. Anahitaji miaka kadhaa kabla ya kuzaa mara ya kwanza, na ziwa limekwisha kuthibitisha hilo. Katika miaka ya 1950 wavuvi wa Kigiriki waliokuwa Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, walianzisha uvuvi wa meli za wavu wa kuzungusha. Mapato yalikuwa makubwa, kisha samaki wakubwa wakawa wa kwanza kuadimika. Miaka ya 1990 ilipoanza, biashara hiyo ya viwandani upande wa Burundi ilikuwa ikikata roho, na baadhi ya meli zilikuwa zimehamia kusini kutafuta maji ambayo hayajachotwa. Zilipoondoka, sangala hakurudi kama alivyokuwa.

Juu ya hayo kuna joto. Mwaka 2003 watafiti walioongozwa na Catherine O'Reilly walionesha katika jarida la Nature kwamba maji ya juu yamepata joto na upepo umepungua, kwa hiyo rutuba ya chini haipandi kama zamani. Walikadiria kwamba hali hiyo huenda imepunguza samaki kwa asilimia 30 hivi. Ziwa lina kina cha mita 1,470, lakini hewa ya kupumua samaki hupatikana kwenye mita mia moja au mbili za juu tu. Chini ya hapo ni maji marefu yasiyo na uhai wa samaki. Kwa hiyo anayetazama upana wa ziwa na kudhani samaki hawaishi anadanganywa na macho.

Mafuriko nayo yameleta mambo mapya. Kuanzia 2020 ziwa lilipanda, na mwaka 2024 lilikaribia mita 777 juu ya usawa wa bahari, kiwango kilichokuwa hakijaonekana tangu miaka ya 1960. Bandari ya Rumonge iliingiliwa na maji, nyumba na mashamba ya ufukweni yakazama. Kanuni ya maji ya Burundi ya 2012 ilikuwa imekwisha kuweka ukanda wa mita 150 kutoka ziwani usijengwe. Waliocheka namba hiyo mwaka ule hawakucheka baadaye. Kwa matete ya milangoni mwa mito, ukanda huo ni ulinzi wa maandishi, lakini unalindwa vibaya: matete hukatwa, mashamba husogezwa, na udongo wa vilima visivyo na miti hushuka na kila mvua.

Miezi mitatu ya nyavu kuning'inia

Wafanyabiashara wa mipakani wanalijua ziwa hili sasa kwa tarehe mbili: 15 Mei na 15 Agosti. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika upande wake kwa miezi hiyo mitatu, kufuatana na makubaliano ya nchi nne za ziwa chini ya Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, yenye makao Bujumbura. Mantiki ni nzuri. Ziwa limegawanywa kwenye ramani, Kongo ikiwa na asilimia 45, Tanzania 41, Burundi 8 na Zambia 6, lakini ndagala hana pasi ya kusafiria. Nchi moja ikifunga na jirani asifunge, jirani anavuna alichoacha mwenzake. Burundi, yenye ufuko wa kilomita 159 hivi tu, ndiyo yenye sababu kubwa kuliko zote ya kutaka majirani wafuate mpango mmoja.

Hata hivyo, kufunga maji ya mbali kwa miezi mitatu na kuacha kokoro lifagie milango ya mito miezi tisa iliyobaki ni kuziba paa na kuacha mlango wazi. Kama kuna mahali panapostahili kufungwa mwaka mzima kwa kila aina ya wavu, ni hapo pembeni mwa matete, mita chache kutoka barabara kuu, ambapo doria haihitaji hata boti. Na ndoano? Ndoano ya mkono mlangoni mwa mto, yenye idadi inayojulikana na yenye kuheshimu kuhe anayelea, inaweza kuachwa bila kuliumiza ziwa. Ingempa mtu wa Rumonge kitoweo na kumpa pia sababu ya kulinda mahali hapo dhidi ya wenye majuya.

Pwani ya Kenya ilishaonesha kwamba samaki wa ndoano anaweza kulipa mara nyingi. Malindi ilianza kupokea wavuvi wa starehe kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Ernest Hemingway alivua huko mwaka 1934. Leo Watamu na Malindi samaki wengi wa jamii ya nduaro hufungwa alama na kurudishwa majini wakiwa hai, mgeni anaondoka na picha, nahodha na msaidizi wake wanabaki na mshahara. Kwenye Tanganyika yenyewe, upande wa Zambia, ghuba za hifadhi ya Nsumbu zimepokea wageni wa aina hiyo kwa miaka mingi wakiwafuata sangala na nkupi. Burundi ina ufuko wa mchanga kutoka Rumonge hadi Nyanza-Lac, chemchemi za maji ya moto za Mugara na watu wanaojua wapi kuhe hutaga. Bado haina samaki wakubwa wa kutosha kumfanya mgeni apande ndege. Hilo linarudi kwenye kitalu.

Lakini tayari upo mfano mmoja wa nyumbani wa samaki wa starehe, na watu wengi wa Rumonge hawaujui. Samaki wadogo wa mawe wa ufuko huu, wenye rangi na mistari, wamekuwa wakisafirishwa wakiwa hai kwenda kwenye matangi ya vioo ya Ulaya, Marekani na Asia. Mbelgiji Pierre Brichard, aliyeishi Bujumbura na kuandika kitabu kuhusu samaki wa ziwa mwaka 1978, alikuwa miongoni mwa walioijenga biashara hiyo. Jina la kijiji cha Magara, kaskazini mwa Rumonge, linatajwa na wafugaji wa samaki wa mapambo ambao hawajawahi kuiona Burundi. Samaki wa kutoshea kiganjani, akiwa hai, ana thamani kubwa kwa mtu aliye mbali.

Anayetaka kuleta ndoano na mishipi

Kwa anayefikiria biashara ya vifaa, mambo machache yanasaidia. Namba za ndoano huwachanganya wanunuzi wapya kwa sababu zinakwenda kinyume: namba 12 ni ndogo kuliko namba 6, na namba 6 ni ndogo kuliko namba 1. Baada ya hapo huanza zile zenye alama ya sifuri, na hizo hukua na namba, 5/0 ikiwa kubwa kuliko 1/0. Ndoano ndogo mno humezwa na vifaranga, kwa hiyo anayeuza kubwa hafanyi biashara tu, anachagua pia samaki gani abaki ziwani. Mishipi ya nailoni isikae juani dukani, maana hupoteza nguvu bila kubadilika rangi, na mteja akimpoteza sangala kwa mshipi uliokufa hatarudi.

Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, unaowaruhusu wenye shehena isiyozidi dola 2,000 za Marekani kupata cheti cha uasili papo hapo mpakani, ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya na zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa. Ndoano zilizotengenezwa nje ya Afrika Mashariki haziingii humo, hata kama zimenunuliwa Kariakoo au Kigoma, na wengi wamepotezewa siku nzima pale Mugina na Manyovu kwa kulisahau hilo. Kwa samaki, kinachoulizwa zaidi ni karatasi za afya. Tangu Kongo iingie rasmi katika Jumuiya mwaka 2022, pande tatu za ziwa hili ziko chini ya mkataba mmoja, Zambia peke yake ikiwa nje.

Na anayetaka kujaribu mwenyewe akiwa anasubiri mzigo wake Rumonge, aulize wenyeji kwanza mahali pa kukaa. Viboko hupanda milangoni mwa mito usiku kula majani, na mamba wapo. Yule maarufu aliyepewa jina la Gustave, aliyefuatiliwa na wapiga filamu mwanzoni mwa miaka ya 2000, alitajwa kwenye mlango wa Rusizi na pia kwenye ufuko huu wa kusini. Wenyeji hawaingii majini hadi magotini kutoa ndoano iliyonasa kwenye matete. Hukata mshipi na kufunga mwingine.